Kinu cha utafiti hakitoi umeme. Sasa moto wake ni wa nini?

ChakiNyeupe:

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Wiki iliyopita nilikuwa nafundisha mpasuko wa atomu, nikafika kwenye vinu vya nyuklia, nikachora ubaoni mchoro ule wa siku zote: moyo wa kinu, maji, mvuke, turbini, jenereta, nyaya. Nikasema kwa kupita tu kwamba vipo pia vinu vya utafiti, ambavyo havizalishi umeme. Binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa kawaida husikii hata anakohoa, akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama hakitoi umeme, wanakiwasha cha nini? Na ule moto unakwenda wapi?"

Nikamjibu, "Cha utafiti." Akaniangalia tu. Darasa zima likaniangalia.

Nimekwenda kusoma, nimerudi nimechanganyikiwa zaidi. Nimekuta kwamba vinu vya umeme vinatumia urani iliyorutubishwa (yaani iliyoongezewa sehemu ya urani-235, aina inayopasuka kirahisi) asilimia 3 hadi 5, lakini hivi vidogo vya utafiti vinatumia karibu asilimia 20, na zamani vilitumia hata zaidi ya 90. Inakuwaje kitu kidogo kile chakula kikali kuliko kikubwa? Halafu kila mahali wameandika "hutumika katika tiba, viwanda na elimu", nukta, basi. Tiba gani? Kinaingiaje hospitalini?

Natafuta mtu aliyewahi kusimama karibu na hicho kitu. Viungo vya kusoma ninavyo tele.

---

KalamuYenyeKamba:

Mwalimu, umenikuta. Nimekaa kwenye chumba cha udhibiti cha kinu cha utafiti kwa miaka kumi na tisa. Kilikuwa kinu cha bwawa, aina ya TRIGA, megawati 1. Ngoja nishushe kidogo, ila nivumilie, mimi nikianza hii habari sina breki.

Swali la huyo binti huulizwa na wageni wengi wanaoingia kwenye jengo, na wengine hawaulizi kwa aibu tu. Mwambie aangalie jina lenyewe: kinu. Ukitwanga unapata unga na unapata pumba. Kwenye kinu cha umeme, unga ni joto. Kwetu unga ni nyutroni, na joto ndilo pumba. Ukilishika hilo, mengine yote uliyoyasoma yatakaa kwenye mstari.

Kila atomu ya urani-235 inapopasuka hutoa nyutroni mbili au tatu, wastani kama 2.4. Moja lazima ikapasue atomu nyingine ili mnyororo usikatike. Zilizobaki, mwenye kinu cha umeme anaziona kama hasara isiyoepukika. Sisi ndizo tunazozitafuta. Watu wanaandika barua miezi sita kabla wakiomba saa nne za nyutroni, na tunawapangia ratiba.

Joto. Megawati 1 ni sawa na birika 500 za umeme, za kilowati mbili kila moja, zikichemka kwa pamoja. Unaweza kusema ni mengi, mbona yatupwe? Sababu ni kwamba bwawa letu liko wazi juu. Halina mfuniko, halina shinikizo. Maji yake tukiyaacha yafike nyuzi 40 na kitu tayari tunaanza kuangaliana. Kwenye kinu cha umeme mvuke unaopiga turbini unakuwa na nyuzi kama 280, kwa shinikizo mara 70 ya hewa tunayovuta. Maji ya nyuzi 40 hayasukumi kitu. Kwa hiyo tunayapitisha kwenye mabomba yanayobadilishana joto na maji mengine, yale mengine yanapanda mnara wa kupoza juu ya paa, na joto linakwenda zake hewani. Mnara wetu ulikuwa unatoa ukungu mweupe, na wapita njia walikuwa wanavuka barabara kuukwepa wakidhani ndiyo mionzi. Ulikuwa mvuke wa maji ambayo hayajawahi hata kugusana na maji ya bwawa.

Sasa mafuta, kwa sababu hapo ndipo umeuliza swali zuri zaidi. Moyo wa kinu cha umeme ni mkubwa, mita tatu nne kwenda juu na hivyo hivyo kwa upana, umejaa tani nyingi za urani. Nyutroni ikizaliwa katikati mle, ina msitu mkubwa wa atomu za kugonga kabla ya kufika ukingoni. Moyo wa kinu chetu ungeingia ndani ya pipa la lita 200. Nyutroni ikizaliwa humo, hatua chache imeshatoka nje. Na sisi tunataka itoke, ndiyo biashara yetu. Lakini zikitoka nyingi, mnyororo unakatika. Njia ya kupata vyote viwili ni kuhakikisha kwamba ndani ya ule ujazo mdogo urani-235 imesongamana. Urani ya ardhini ina asilimia 0.7 tu ya urani-235. Ndiyo maana hurutubishwa, na ndiyo maana yetu ni kali.

Hiyo 90 na kitu uliyoisoma ni ya kweli. Miaka ya 60 na 70 ilikuwa kawaida, kwani ukitaka nyutroni nyingi mahali padogo hakuna njia rahisi kuliko hiyo. Tatizo ni kwamba urani ya namna hiyo inafaa pia kwa silaha. Mwaka 1978 Marekani ilianzisha mpango wa kuvibadilisha vinu vya utafiti vitumie urani ya chini ya asilimia 20, kwa kuwa 20 ndiyo mstari uliochorwa kimataifa kati ya urani ya kiwango cha chini na ya kiwango cha juu. Kwenye makaratasi utakuta imeandikwa 19.75, yaani wamesogea hadi kwenye mstari bila kuukanyaga. Lakini ukipunguza ukali lazima uongeze wingi, kwa hiyo wataalamu wa metali wakafanya kazi kubwa ambayo haisemwi: kutafuta kiwanja cha urani kinachoshindiliwa zaidi. Kwenye vinu vya sahani za alumini, kiwanja cha urani na silikoni kiliwafikisha kwenye gramu 4.8 za urani kwa kila sentimeta ya ujazo. Sahani yenyewe ina unene wa milimeta 1.27, na katikati yake ndimo mafuta yalimo, kama karatasi iliyobanwa kati ya karatasi mbili. SAFARI-1 ya Afrika Kusini ilimaliza kubadilishwa mwaka 2009. Vinu vidogo vya Ghana na Nigeria, vya kilowati 30 hivi, vilifuata mwaka 2017 na 2018, na mafuta yao ya zamani yakarudishwa China yalikotoka.

TRIGA haina sahani, ina fimbo. Urefu sentimeta 72 hivi, unene chini kidogo ya sentimeta 4, na kila moja ya aina ya kawaida ina gramu kama 38 tu za urani-235. Kwa nguvu ya megawati 1 mchana na usiku, kinu kinatumia gramu 1 na robo ya urani-235 kwa siku. Sisi tulikuwa tunawasha kama saa sita kwa siku za kazi. Piga hesabu: gramu zisizofika 80 kwa mwaka. Nimestaafu nikaziacha humo fimbo nilizozikuta.

Kuwasha kwenyewe kunachosha kuangalia. Asubuhi orodha ya ukaguzi, kurasa nne, kengele zote zinajaribiwa. Ndani ya moyo kuna chanzo kidogo cha nyutroni, mchanganyiko wa amerisi na berili, ili vipimo viwe na kitu cha kuhesabu tangu mwanzo. Halafu unaanza kuinua fimbo za kudhibiti, zile zenye boroni inayomeza nyutroni. Unainua kidogo, unasubiri, unaangalia sindano ya kipimo. Unainua kidogo, unasubiri.

Hapo kwenye kusubiri ndipo penye siri, na hapo wanafunzi wako watasisimka. Nyutroni nyingi huzaliwa papo hapo atomu inapopasuka. Lakini sehemu ndogo sana, asilimia 0.65 kwa urani-235, huchelewa. Hutoka kwenye vipande vya atomu baada ya sekunde kadhaa, nyingine baada ya dakika nzima. Kama zote zingezaliwa papo hapo, kizazi kimoja cha nyutroni kingempokea kingine mara maelfu ndani ya sekunde moja, na hakuna mkono wa binadamu wala mota ambayo ingewahi. Hizi goigoi ndizo zinazotupa nafasi ya kushika usukani. Tunahesabu umbali wetu kutoka kwenye hatari kwa kipimo kinachoitwa dola na senti: ukifika dola moja, humhitaji tena mchelewaji yeyote, mnyororo unajiendesha kwa nyutroni za papo hapo. Kazi ya kila siku hufanyika kwenye senti.

Jambo moja tena halafu nipumue. Jumatatu kinu kinawaka fimbo za kudhibiti zikiwa chini. Kufika Alhamisi, kwa nguvu ile ile, inabidi uzivute juu zaidi. Mafuta hayajapungua. Ni xenoni-135, inayojikusanya kutokana na mipasuko na kumeza nyutroni kuliko kitu kingine chochote humo ndani. Nusu uhai wake, yaani muda wa nusu yake kupotea, ni saa 9 hivi, kwa hiyo wikendi inajifuta yenyewe. Kwetu ilikuwa kero ndogo. Kwenye vinu vikubwa, ukizima kwa bahati mbaya na ukachelewa kuwasha, xenoni inapanda na unaweza kukaa siku nzima au zaidi ukiisubiri iondoke.

---

MbishiHalali:

Maelezo matamu, mkuu, ila naomba tuwe wakweli. Asilimia 20, katikati ya watu, bwawa liko wazi juu, na unasema kuna kipimo cha "umbali kutoka kwenye hatari". Hiyo siku sindano ikikuzidi inakuwaje? Siyo bomu hilo?

---

KalamuYenyeKamba:

Bomu hapana. Urani ya chini ya 20, iliyotawanywa ndani ya metali nyingine na kuzungukwa na maji, haiwezi kukusanyika kwa kasi ya bomu. Lakini swali la sindano kunizidi ni halali kama jina lako, na jibu lake ni kwamba kwenye TRIGA sisi tulikuwa tunaizidisha kwa makusudi.

TRIGA ya kwanza iliwaka San Diego, Marekani, tarehe 3 Mei 1958. Edward Teller na Freeman Dyson walikuwamo kwenye kundi lililoifikiria, na lengo lao lilikuwa usalama ukae ndani ya mafuta yenyewe, usitegemee mtu wala kengele. Urani wakaichanganya na zirkoni iliyobeba haidrojeni. Kwa kawaida haidrojeni hupunguza mwendo wa nyutroni, na nyutroni ya polepole ndiyo inayopasua vizuri. Mafuta yakipata joto ghafla, hizo haidrojeni zinaanza kutetema, na nyutroni inayopita badala ya kupoteza mwendo inaongezewa. Ikienda kasi inakosa shabaha. Mipasuko inapungua. Haya yote yanatokea ndani ya fimbo ya mafuta, kabla hata maji hayajajua.

Kwa hiyo tunakiweka kinu chini ya kilowati 1, tunairusha fimbo moja ya kudhibiti nje kwa hewa iliyoshindiliwa, tunavuka dola moja kwa makusudi. Nguvu inaruka hadi megawati mia kadhaa. Unasikia mshindo kama mtu ameangusha gunia chumba cha pili, bwawa linamweka buluu, na imekwisha. Imeshuka yenyewe ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Nimefanya hivyo mbele ya wageni mara nyingi kiasi kwamba siangalii tena bwawa, naangalia nyuso.

Ila sitakudanganya kwamba vinu vidogo havijaua. Mwaka 1961, Idaho, wanajeshi watatu walikufa kwenye kinu cha majaribio cha jeshi kinachoitwa SL-1 baada ya fimbo moja kuvutwa juu kwa mkono kupita kiasi. Mwaka 1983 huko Buenos Aires, kwenye mtambo mdogo wa majaribio wa RA-2, mwendeshaji alikuwa anabadilisha mpangilio wa mafuta bila kuondoa maji kwanza. Alifariki siku mbili baadaye. Hadithi ya RA-2 nilisimuliwa wiki yangu ya kwanza kazini, na kila mwaka baada ya hapo.

---

KasheLaRisasi:

Naomba nijibu kile kipande cha "tiba, nukta, basi", maana mimi niko upande wa kupokea. Ni fundi wa idara ya tiba ya nyuklia hospitalini.

Mwalimu, kinu hakiingii hospitalini. Kinachoingia ni kasha la madini ya risasi, zito mno kwa umbo lake, limeandikwa tarehe na saa. Ndani yake kuna bomba dogo la kioo lenye alumina, na kwenye alumina imeng'ang'ania molibdeni-99. Huko kinuni wamechukua vibamba vya urani, wakavitumbukiza karibu na moyo kwa siku kadhaa, wakavitoa, wakaviyeyusha nyuma ya kuta nene, wakachuja molibdeni. Kati ya kila mipasuko mia, kama sita hivi huacha molibdeni-99.

Molibdeni yenyewe hatuihitaji. Tunayoitaka ni teknesi-99m, mtoto wake. Inazaliwa humo kwenye bomba saa zote. Asubuhi unapitisha maji ya chumvi, teknesi inafuata maji, molibdeni inabaki. Kazini tunasema tunakamua ng'ombe. Kesho yake unakamua tena. Teknesi unaichanganya na dawa inayojua njia: hii inakwenda kwenye mfupa, hii kwenye misuli ya moyo, hii kwenye figo. Unamlaza mgonjwa chini ya kamera, na kamera inaona mionzi inayotoka mwilini mwake. Baada ya saa 6 nusu imeshapotea. Mgonjwa anarudi nyumbani. Karibu asilimia 80 ya vipimo vya tiba ya nyuklia duniani vinatumia hiyo teknesi moja.

Sasa ona ugumu wake. Nusu uhai wa molibdeni ni saa 66. Maana yake kila siku inayopita, kasha likiwa kwenye ndege, likiwa forodhani, likiwa popote, zaidi ya moja ya tano ya mzigo imeyeyuka. Huwezi kuweka ghala. Lazima mahali fulani kinu kiwe kinawaka wiki hii ili sisi tufanye kazi wiki ijayo. Mwaka 2010 vinu viwili vikubwa vya kazi hii, NRU cha Chalk River, Kanada, na HFR cha Petten, Uholanzi, vilikuwa vimesimama kwa wakati mmoja kwa miezi kadhaa, na hospitali nchi nyingi zikaahirisha vipimo. Vyote viwili ni vya umri wa babu zetu. NRU kilianza 1957 na kimezimwa moja kwa moja Machi 2018. Vipya vipo, kama OPAL cha Australia, lakini ni vichache kwa kuhesabu.

Zaidi ya teknesi kuna iodini-131 ya tezi ya shingo, na lutesi-177 ambayo sasa inatafuta seli za saratani ya tezi dume na kuzipiga huko huko zilipo. Hiyo lutesi nayo inatoka kinuni.

---

NyundoNaMfuko:

Wa mawe nimefika. Mkuu Kalamu, mimi ni mmoja wa wale wanaoandika barua kuomba saa nne.

Tunachofanya: unasaga jiwe liwe unga laini, unapima kama robo ya gramu, unaliziba kwenye kikapsuli cha plastiki. Kinuni wana bomba la hewa linalokirusha kikapsuli hadi kando ya moyo na kukirudisha. Wenyewe wanakiita sungura, na ukikisikia kikipita bombani utajua kwa nini. Kule ndani kila elementi inameza nyutroni na baadhi zinageuka kuwa na mionzi. Kila moja inapiga kelele kwa sauti yake. Dhahabu ikishakuwa dhahabu-198 inatoa mwali wa nishati ya kiloelektronivolti 412, na huwezi kuichanganya na nyingine. Unahesabu miali, unajua kiasi. Kwa dhahabu tunashuka hadi sehemu kwa bilioni. George de Hevesy na Hilde Levi walionyesha njia hii mwaka 1936, kabla hata kinu cha kwanza hakijajengwa, kwa chanzo kidogo tu cha nyutroni.

Subira inahitajika. Siku ya kwanza usihesabu kitu, maana sodiamu ya kwenye jiwe inapiga kelele kuliko wote. Nusu uhai wake ni saa 15, unaiacha siku tano ichoke, ndipo dhahabu yenye siku 2.7 inasikika.

Sasa niwape aibu yangu. Miaka ya mwanzo nilileta sampuli arobaini kutoka kwenye mwamba ambao hakuna mtu aliyewahi kuushuku. Zote zikaonyesha dhahabu. Zote! Mpaka ile niliyoweka makusudi ya mchanga mtupu, ya kujipimia. Usiku huo nilishaanza kuandika ripoti. Asubuhi mwendeshaji mmoja mzee akaniuliza swali moja tu: "Ulisaga mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo. Akaninyooshea kidole mkononi. Pete ya ndoa. Nilikuwa nasugua unga wa mawe kwa mkono wenye pete, na pete ilikuwa inajisaga nayo. Tangu siku hiyo pete inabaki kwa mke wangu nikienda maabara.

Kazi nyingine za kinu nazijua kwa kusikia kule foleni. Kuna jamaa wa vipande virefu vya silikoni: nyutroni inaigeuza atomu moja moja ya silikoni-30 kuwa fosforasi, sawasawa mwili mzima, na silikoni hiyo inakwenda kwenye vifaa vya umeme mkubwa. Kuna wa picha za nyutroni, ambapo risasi inapenyeka na tone la maji ndani ya chuma linaonekana jeusi, kinyume kabisa cha eksirei. Na kuna wa vito. Topazi isiyo na rangi inaingia, inatoka buluu nzito, halafu inafungiwa mpaka mionzi iishe ndipo iuzwe. Sikuamini mpaka nilipoziona.

---

ChakiNyeupe:

Wakuu, mmenifanyia somo la wiki mbili. Leo nimeandika "UNGA" na "PUMBA" ubaoni bila maelezo, nikamwambia yule binti aeleze mwenyewe. Ameeleza vizuri kuliko nilivyoeleza mimi. Pete ya ndoa imewachekesha, lakini sasa wote wanajua kwa nini unaweka sampuli ya mchanga mtupu.

Ametoa swali jingine, na darasa limenituma: mwanga wa buluu mliousema, ukizima kinu unazimika papo hapo kama taa? La pili ni langu: mkuu Kalamu, hilo jina lako lina kisa?

---

KalamuYenyeKamba:

Kisa ni kifupi. Mwaka wangu wa pili nilikuwa nimeinama kwenye daraja juu ya bwawa, naandika joto la maji, kofia ya kalamu ikaponyoka. Mita sita na zaidi za maji, safi kuliko ya kunywa, unaiona inashuka polepole, unaweza hata kuisindikiza kwa macho, na huna la kufanya. Ikatua juu ya moyo. Kitu kidogo kama kile kinaweza kuziba njia ya maji kati ya fimbo mbili, kwa hiyo kinu kikazimwa, na tukaivua kwa nguzo ndefu yenye wavu mwishoni, saa tatu, mtu mmoja kashika taa na mwingine kashika nguzo. Mkuu wa zamu hakunifokea. Kesho yake nikakuta mezani kalamu imefungwa kamba ya kuning'iniza shingoni. Ninayo mpaka leo.

Kuhusu mwanga, mwambie binti kwamba hauzimiki kama taa. Buluu ile hutokea pale chembe zenye chaji zinapopita majini kwa kasi kuliko mwanga unavyopita humo humo majini. Mwanga majini huenda kama kilometa 225,000 kwa sekunde, kwa hiyo kuupita inawezekana. Pavel Cherenkov aliuchunguza mwaka 1934.

Ukibonyeza kitufe cha kuzima, fimbo zinaanguka ndani ya sekunde moja. Mwanga unapungua mara moja kwa kiasi kikubwa, unauona kwa macho. Halafu unagoma. Wale goigoi wa asilimia 0.65 bado wanatoka, na nguvu haiwezi kushuka upesi kuliko wanavyoruhusu: mara kumi kila dakika tatu hivi, hata ungefanya nini. Wakishaisha wao, vinabaki vipande vya mipasuko ya mchana kutwa, navyo vinaendelea kutoa miali. Mara tu baada ya kuzima, vinatoa bado kama asilimia 6 ya joto lote. Kwa kinu chetu ni kilowati 60, na maji ya bwawa yanazimeza bila pampu yoyote.

Kwa hiyo saa mbili baada ya kuzima, wageni wakichelewa, tulikuwa tunawapandisha darajani na kuzima taa zote za ukumbi. Mwanzoni wanasema hakuna kitu. Macho yakishazoea giza, dakika tano hivi, mmoja anaanza kunong'ona. Upo, hafifu, umbo la duara chini kabisa. Binti akipata nafasi ya kutembelea kinu, aombe aonyeshwe hivyo, na mtu asiwashe simu yake mapema.